Dozi Aliyopewa Mariano Moreno

Mimi ni afisa tabibu mstaafu wa Kanda ya Ziwa, na tabia ya kazi haiishi: nikisoma historia, naanza na kifo. Mgonjwa aliumwa nini? Nani alimpa dawa? Kiasi gani?

Basi nimekwama kwa Mariano Moreno, mwanasheria wa Buenos Aires (Argentina ya leo), katibu wa baraza lililoshika nafasi ya gavana wa mfalme wa Hispania Mei 1810. Hakufikisha miezi saba ofisini, lakini alianzisha gazeti, akasimamia kuundwa kwa maktaba ya umma, na akachapisha kitabu cha mwanafalsafa Rousseau kwa Kihispania (sehemu ya dini akaiondoa). Mpole hakuwa. Alitaka Liniers, gavana wa zamani, auawe, na akauawa, yule yule aliyeukomboa mji kutoka kwa Waingereza. Kisha Desemba, ofisa mmoja aliyelewa karamuni akamtukuza rais wa baraza, Cornelio Saavedra, kama mfalme. Moreno akaandika amri ya kumpokonya Saavedra heshima zote za pekee. Hapo alijimaliza. Wajumbe wa mikoani walimuunga mkono Saavedra, na Moreno akajiuzulu na kutumwa London kama mjumbe.

Aliugua melini, na daktari hakuwapo. Mdogo wake Manuel, aliyesafiri naye, anasimulia kwamba nahodha alimpa Moreno dawa ya kutapisha bila wao kujua: tartari ya antimoni, kwa vipimo vya leo kama miligramu 260. Jamani! Waliotutangulia kazini walitibu kichocho kwa dawa hiyo hiyo, lakini waliwachoma wagonjwa sindano kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa sababu huumiza moyo. Huyu aliinywa kwa mpigo, tayari akiwa hoi. Alikufa 4 Machi 1811, akiwa na miaka 32, akazikwa baharini.

Mkewe, Guadalupe Cuenca, hakujua. Kwa miezi aliendelea kumwandikia, akimweleza habari za mtoto wao na kumwonya asije akanaswa na mwanamke wa Kiingereza.

Waargentina wengi wanaamini alitiliwa sumu. Kwangu mimi, ujinga wa nahodha unatosha kabisa. Nimeona watu wakifa kwa dozi za kukisia, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ila huko husimuliwa pia kwamba mumewe alipokwisha kuondoka, Guadalupe aliletewa sanduku lisilo na jina la mtumaji, ndani mna shela, kipepeo cha kujipepea na glavu, vyote vyeusi vya msiba. Kama ni kweli, huyo mtumaji ningemkalisha kitini nimuulize maswali.