Radi kavu, jembe kavu

Saa sita kasoro usiku, maji yametoka baada ya siku nne za mgao, kwa hiyo niko uani nalinda ndoo, simu nimeiegesha juu ya dumu na inaimba Marisa Monte, yule mwimbaji wa Brazili. Ile albamu yake ya 1994, Verde, Anil, Amarelo, Cor-de-Rosa e Carvão, yaani kijani, nili, njano, pinki na mkaa. Hiyo anil ndo nili hii hii yetu, sote tumeitoa kwa Waarabu. Na mkaa nao kahesabiwa kuwa rangi, nalipenda sana hilo.

Leo nimenasa kwenye wimbo wa Segue o Seco, nimeurudia sijui mara ngapi. Umetungwa na Carlinhos Brown, mtu wa Salvador kule Bahia, na unahusu ukame wa sertão, ile bara kame ya kaskazini mashariki mwa Brazili. Miaka yote nilikuwa naufuata tu mdundo, sikujua hata neno moja, mpaka nilipokaa na tafsiri nikaona kumbe kila kitu mle ni seco, kavu, ng'ombe wakavu, radi kavu, jembe kavu, mwiba mkavu, zile s na k zinagongana mdomoni mpaka koo linakauka na wewe unayesikiliza. Halafu ghafla anaanza kuongea na mvua, kwa upole, kama unavyombembeleza mtoto aliyenuna, na mwishoni anakisia hii mvua ni nini hasa, labda machozi ya Mtakatifu Petro, labda penzi kubwa linalia, labda nazi imemwagika.

Nazi jamani! Nimelelewa na bibi Pangani, nazi alikuwa anaigonga kwa mgongo wa panga huku anaizungusha kiganjani, ikipasuka maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko na mimi nimeshakinga kikombe. Kiangazi kisima chetu kilikuwa kinageuka chumvi, chai hainyweki, na yale maji ya nazi ndo yalikuwa matamu pekee mle ndani. Kule sertão kisima wanakiita cacimba, neno walilokwenda nalo Waangola waliopelekwa utumwani, ni ndugu kabisa wa kisima chetu. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu.

Na sauti ya Marisa sasa! Huyu dada alienda Italia kusomea opera akiwa bado binti, angeweza kupasua dari akitaka, lakini humu anaimba karibu na sikio, hapaparikii wimbo. Kwenye Dança da Solidão yuko na Gilberto Gil, mwanamuziki mwenzake wa Brazili, wanapishana taratibu tu. Ila kinachoniliza ni Esta Melodia, kawaita wazee wa Portela, shule ya samba ya Rio, yaani kikundi cha kanivali, ambayo baba yake aliwahi kuwa kwenye uongozi wake, wale wazee sauti zimeshakwaruza na hakuna aliyezilainisha, yeye kawaachia nafasi kwa adabu kama mjukuu anayewashikia wazee mlango. Baadaye akaja kuwasimamia mpaka wakatoa albamu yao wenyewe.

Ndoo ya mwisho inajaa, ule mlio wake umeshapanda. Sifungi bomba kwanza, wazee ndo wanaingia.