Upande gani ulianza kucheza?

"Akianza, upande gani unatangulia kucheza?" Daktari aliuliza hivyo siku ya kwanza tulipompeleka mdogo wangu hospitali ya rufaa, Mbeya. Mama alinitazama, mimi nikamtazama mjomba. Mdogo wangu alikuwa ameanguka kifafa mara sita ndani ya miezi minane, na hakuna kati yetu aliyeweza kujibu. Daktari akatuambia turudi baada ya wiki mbili, na akianguka tena tumwangalie vizuri, hata tumrekodi kwa simu.

Hatukujua kwa sababu tulikuwa tunakimbia. Kwetu Mbozi mtu anakua akiambiwa kwamba mwenye kifafa akitoa povu asiguswe, mate yake yakikupata na wewe utaanguka. Siku alipoangukia jikoni, mkono wa kushoto ukaingia kwenye makaa, watu walisimama mlangoni wakitazama. Mama peke yake ndiye aliyeingia akamvuta kwa shati. Kovu lipo mpaka leo, toka kifundo hadi karibu na kiwiko, ngozi imekunjamana na inang'aa kama nailoni iliyoyeyuka. Kifafa hakiambukizi. Mkono ule usingeungua vile kama tungelijua hilo mapema.

Miezi ile minane iliishia zahanati, alikopewa dawa ya malaria mara tatu, mbili kati ya hizo bila kupimwa, na kwa mganga, aliyetaka kuku wawili na shilingi laki moja na themanini. Siwalaumu wazee. Kijana wa miaka 24 ambaye hakuwahi kupata hata degedege utotoni anaanguka ghafla akichuma kahawa. Mtu yeyote angetafuta aliyemtendea.

Mara ya saba tulikuwa wawili tu sebuleni, tunakunywa chai. Akasema, "Dada, mdomo unanivuta." Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai, nikaanza kurekodi. Kona ya mdomo, upande wa kulia, ilikuwa inarukaruka. Kisha kidole gumba cha mkono wa kulia, kisha vidole vingine, kisha mkono mzima, ndipo akapoteza fahamu na mwili wote ukakaza. Nilimlaza chini kwa ubavu, nikamwekea kanga kichwani, nikasogeza meza. Sikumbana mikono wala sikumtia kijiko mdomoni. Kijiko huvunja meno na hakizuii chochote. Ilichukua dakika mbili na sekunde kumi. Ingefika tano, au angeanza tena kabla ya kuzinduka, ningeita bodaboda ya jirani bila kusubiri mtu.

Daktari aliitazama video ile mara tatu. Akasema kinachoanzia kulia kina chanzo upande wa kushoto wa ubongo, na kikianzia sehemu moja namna ile lazima tujue pale pana nini. Maswali yakafuata. Alipozaliwa alichelewa kulia? Aliwahi kupata malaria ya kupoteza fahamu? Amewahi kugonga kichwa, labda kwenye pikipiki? Anakunywa pombe, ameiacha ghafla? Akapimwa sukari, malaria na VVU, kisha CT skani, picha ya ndani ya kichwa. Alituandaa pia kwamba wapo wanaopimwa vyote na chanzo kisionekane, nao hutibiwa na hupata nafuu.

Kwa mdogo wangu kilionekana: kifuko kidogo cha maji, chenye doa katikati. Lava, yaani mtoto, wa tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo.

Mama alikataa palepale. "Daktari, sisi ni Wasabato. Nguruwe hajawahi kuingia kwenye sufuria yangu." Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. Akamweleza kwamba anayekula kitimoto isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mtu, na mtu mwingine akiyameza kwa maji, kwa mboga mbichi au kwa mikono ya mpishi asiyenawa, lava husafiri hadi kwenye ubongo. Anayeugua anaweza kuwa hajaonja nguruwe maisha yake yote. Mama akanyamaza, kisha akauliza choo cha jirani yetu kina mlango au hakina. Hakina.

Mdogo wangu alilazwa, akaanzishiwa stiroidi ya kuzuia uvimbe, ndipo albendazoli, dawa ya minyoo, na kabamazepini, dawa ya kifafa, asubuhi na jioni. Najua albendazoli inauzwa kila duka la dawa. Tafadhali, usimnunulie mtu anayeanguka. Lava wakifa ndani ya ubongo huleta uvimbe, na huo unahitaji daktari karibu. Na dawa ya kifafa haiachwi ghafla hata kama mtu amekaa miezi bila kuanguka. Anaweza kuanguka mfululizo asizinduke.

Huu ni mwezi wa kumi na moja hajaanguka. Pikipiki bado amekatazwa, na jambo hilo linamuuma kuliko kovu.

Juzi jioni alikuja mama mmoja wa mtaa wa pili, mwanawe huanguka alfajiri. Nilidhani anataka jina la dawa. Alitoa simu yake kwenye pindo la kanga akaniomba nimwonyeshe pa kubonyeza ili irekodi, maana kesho kutwa wanaenda Mbeya.