Mama asijue kwanza

Yule binti wa mama wa kucha amenivuruga wiki nzima. Mnamkumbuka: ndiye anayeletwa kwenye darasa langu la Kipolandi kwa wageni kila Jumanne na Alhamisi jioni kwa kuwa nyumbani hakuna wa kumwachia, anakaa nyuma kabisa karibu na hita, anachora farasi. Mama yake ndiye yule Mvietnam wa saluni ya kucha ya Ochota, hapa Warszawa, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote na sauti ya chini kuliko wote.

Jumanne, wakati wa mapumziko, watu wazima wameshuka kuvuta sigara, mimi nafuta ubao. Binti akaja mpaka mezani kwangu. Akasema kwa Kipolandi chake cha Warszawa, kile kinachomeza nusu ya maneno, ambacho mimi baada ya miaka yote hii bado sina:

"Proszę pani, niech mama jeszcze nie umie."

Mwalimu, mama asijue kwanza.

Nikamuuliza asijue nini. Akageuka kutazama mlango. "Kipolandi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu simwambii yote."

Halafu akanimwagia habari yote bila kupumua. Walikwenda zahanati, mdogo wake ana homa. Dada wa dirishani akamwambia mwenzake, wala hakuwaambia wao: "Niech się najpierw nauczą mówić." Wajifunze kuongea kwanza. Mama akauliza, anasema nini? Binti akajibu: anasema tukae pale, tusubiri. Wakakaa, wakasubiri.

"Na mengine?" nikauliza.

"Mengine mengi," akasema, na hapo mguu wa kwanza wa mvuta sigara ukasikika kwenye ngazi, naye akarudi kwa farasi wake. Nilichomwambia mimi ni "dobrze", sawa. Sawa ya nini?

Tangu siku hiyo natunga majibu. Natunga nikimenya viazi, natunga nikisubiri tramu Rondo Daszyńskiego. Mama yako ni mtu mzima, ataweza. (Ataweza, ndiyo, lakini si yeye aliyeulizwa.) Hiyo si kazi yako, mwanangu. (Basi ya nani? Zahanati gani imewahi kumwekea mama wa kucha mkalimani wa Kivietnam?) Umefanya vizuri. Umefanya vibaya. Kila nikitunga moja namwona vile alivyotazama mlango, nalifuta.

Kibaya zaidi, ni kweli kwamba mama yake anakaribia kujua. Mwezi huu tuko kwenye ukanushi, na ukanushi wa Kipolandi ni balaa. Mam czas, nina muda. Sina muda, nie mam czasu. Kitu kikiwapo kinaitwa hivi, kisipokuwapo jina lake linabadilisha mkia, na kila jinsia ina mkia wake, na wingi una mikia yake mingine ya kukutia wazimu. Ni hali moja tu kati ya zile saba za kumalizia jina. Kina mama wa Ukraine hawashtuki, lugha yao ina mambo hayohayo, shida yao ni kukimbia mno na kuachia maneno ya kwao yajipenyeze katikati. Mimi mwenyewe nilipofika Łódź, kwenye ile shule ya chuo kikuu inayowafundisha wageni tangu 1952, nilikuta walau wazo la upatanisho nimelizoea: anayejua kwamba kiti kizuri si sawa na mti mzuri hapigi kelele kuambiwa sifa ifuate jina. Lakini Kivietnam hakibadilishi mkia wa neno kabisa. Neno ni lilelile, liwepo lisiwepo, liwe moja liwe mia. Na zile konsonanti za Kipolandi zinazosongamana mwishoni, mtu aliyelelewa na Kivietnam ulimi wake unaziacha njiani. Huyu mama anazifuata moja moja. Nimemsikia kwenye korido akirudia peke yake "nie ma pieniędzy, nie ma pieniędzy," hakuna pesa, hakuna pesa, mpaka mlinzi akadhani anaomba.

Anataka cheti cha B1, cha mtihani wa serikali, kwa ajili ya kile kibali cha kukaa muda mrefu. Kusikiliza, kusoma, sarufi, kuandika, kuongea. Darasani kwangu karibu wote wamekuja kwa ajili ya karatasi hiyo au uraia, na sioni aibu kuwafundishia mtihani. Wanaosema lugha ijifunzwe kwa mapenzi wana pasipoti tayari.

Mengine ya wiki: theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, na Baba Neema amepata ile kazi ya Gdańsk, kwa hiyo pengine tutahama kabla ya Pasaka, nitaandika siku nyingine.

Jumatano nikampigia Dada. Nikamweleza yote, na sauti ya yule mtoto nikaiigiza. Dada akacheka kile kicheko chake cha Tanga.

"Mdogo wangu, wewe umesahau? Bibi alipolazwa Lushoto, nani alikuwa anamgeuzia Kiswahili cha manesi kuwa Kisambaa?"

"Mimi."

"Na yule nesi mnene alipomfokea bibi kwa nini hakuja mapema, ukamwambia bibi nini?"

Sikumbuki. Wallahi sikumbuki. Dada anasema nilimwambia bibi kwamba nesi anampa pole kwa safari. Na bibi, anasema Dada, akanyanyua mkono akamshukuru nesi kwa Kisambaa, akamwombea dua ndefu, nesi akabaki amesimama na sindano yake.

"Sasa bibi alikuwa hajui?" nikauliza.

"Bibi aliuza viazi soko la Lushoto maisha yake yote," akasema Dada. "Nani kakwambia hajui Kiswahili?"

Nikakata simu nikiwa nimechanganyikiwa zaidi.

Basi Alhamisi. Nilikuwa nimepanga kitambo tuigize mazungumzo ya zahanati, kwa sababu katika zahanati ukanushi unapatikana bure. Nikafikiria kubadilisha, niweke duka la viatu. Sikubadilisha. Nikawagawa wawili wawili, mama wa kucha akaangukia kwa dereva wa teksi, yule Mjojia mwenye kifua. Nikasema mmoja mgonjwa, mmoja dirishani, chagueni. Mama wa kucha akachagua dirisha kabla sijamaliza sentensi.

Akavuta kiti nyuma ya meza yangu. Akaivuta miwani ikashuka puani. Akaanza kuchapa kwenye kompyuta isiyokuwapo, kwa kidole kimoja, ule ukucha wake mwekundu ukigonga mbao, ta, ta, ta, asiinue macho. Mjojia amesimama. Anachapa. Mjojia akakohoa. Anachapa.

"Nie ma numerków," akasema hatimaye. Namba zimekwisha. Kwa sauti! Sijawahi kumsikia sauti ile.

Mjojia akasema anaumwa sana, tumbo.

"Wszystkich boli." Kila mtu anaumwa.

Akasema basi angalau amwone daktari dakika mbili.

"Nie ma doktora. Nie ma miejsc. Nie ma." Hakuna daktari. Hakuna nafasi. Hakuna.

Mikia yote sahihi. Yote! Kina mama wa Ukraine wanapiga meza, kijana wa ghalani, Mnepali, anafuta machozi, mimi mwenyewe nimeegemea ubao, chaki yote mgongoni. Kila mtu katika chumba kile amewahi kusimama mbele ya dirisha lile. Kisha mama wa kucha akainama kidogo upande wa kushoto, ambako palikuwa na mwenzake tusiyemwona, akasema polepole na bila kukosea hata silabi:

"Niech się najpierw nauczą mówić."

Darasa likacheka zaidi. Yeye akavua miwani, akarudi kuwa mwanafunzi, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini: "Nauczą czy nauczy? Bo on jest jeden." Wajifunze au ajifunze? Maana huyu ni mmoja.

Nikamwambia nauczy. Akaiandika kwenye daftari, akapiga mstari chini kwa rula. Anatembea na rula.

Nikatazama nyuma. Binti kaacha kuchora. Alikuwa ananitazama mimi, si mama yake, na yale macho nayajua, Neema anayo pia: alikuwa na hakika nimemchongea. Sijafungua mdomo kwa mtu yeyote isipokuwa Dada, na Dada yuko Tanga. Lakini utamwelezaje mtoto hilo katikati ya somo, mama yake akiwa anasikia, na sasa tunajua anasikia? Nikatikisa kichwa kidogo, hapana, si mimi. Akainamisha uso kwenye karatasi.

Walipoondoka mama alibeba begi la shule, ambalo siku zote binti hulibeba mwenyewe. Wakashuka wakiongea Kivietnam, nami Kivietnam sijui hata salamu.

Usiku nikamwigizia Baba Neema dirisha zima, na kidole, na ta ta ta. Amecheka mpaka akaomba nirudie "wszystkich boli", na leo asubuhi nilipolalamika mgongo ndivyo alivyonijibu. Nimecheka na mimi. Jumanne nitamletea binti penseli zile laini za kuchorea, labda, au nitaonekana namhonga.

Ila sasa hivi Dada ametuma ujumbe, si wa bibi wala wa darasa. Baba mdogo amehamisha bikoni ya shamba la chini, ile ya upande wa mto, anasema ndivyo marehemu alivyotaka. Mwenyekiti wa kijiji amewaita Jumatatu na hati ya mauziano hakuna anayejua iko wapi. Nadhani mara ya mwisho niliiona kwenye sanduku la bati la mama, chini ya vitenge, lakini sanduku lilikwenda kwa shangazi Korogwe na shangazi hapokei simu.