Paneli ya king'ora cha gesi, Mtwara: kitufe cha kuriseti

Sensa iko ukutani, sentimita 30 chini ya dari, maana gesi asilia ya Mnazi Bay karibu yote ni methani na methani hupanda. Gesi ya mtungi wa kupikia ni nzito, hutambaa sakafuni. Panapotumika gesi ya mtungi sensa ishushwe, na iwe imepimwa kwa gesi hiyo.

Sensa inatoa miliampia 4 (sifuri, hakuna gesi) hadi 20 (asilimia 100). Rizista ya omu 250 inazigeuza kuwa volti 1 hadi 5. Asilimia 100 kwenye kioo cha paneli ni kiwango cha chini cha kulipuka, yaani methani asilimia 5 hewani. King'ora cha kwanza kimewekwa 20 (miliampia 7.2, volti 1.8), cha pili 40 (miliampia 10.4, volti 2.6), na hapo valvu ya sumaku inafunga. Chini ya miliampia 3.6 usisome "hakuna gesi". Hiyo ni hitilafu, na kwa karakana za upande wa Shangani, karibu na bahari, anza kutafuta kwenye terminali. Chumvi haina huruma.

Kazi ya wiki hii ilikuwa kuriseti, yaani kurudisha paneli katika hali ya kawaida baada ya king'ora. Programu ya kwanza ilikuwa na kitufe kimoja: ukikibonyeza honi inanyamaza na king'ora kinafutika. Kosa kubwa. Sasa kitufe cha njano kinanyamazisha honi tu. Taa nyekundu inaendelea kuwaka na valvu inabaki imefungwa. Cha bluu ndicho cha kuriseti, nacho kinakataa mpaka kipimo kikae chini ya 10 kwa dakika 5 mfululizo.

Hata hiyo haitoshi. Sensa hii huunguza gesi kwenye shanga ndogo yenye joto, kwa hiyo inahitaji oksijeni. Gesi ikijaa kupita kiasi, oksijeni inapungua, na kipimo kilichogonga 100 kinaanza kushuka: 60, 30, 8. Anayetazama kioo peke yake ataona chumba kimesafika, kumbe ndiyo kimejaa. Kwa hiyo kipimo kikigonga 100 hata mara moja tu, kioo kinaandika IMEZIDI na bluu inafungwa kwa ufunguo. Ufunguo unatumika baada ya kupima kwa mrija unaovuta hewa ya chumba, wewe ukiwa nje, na kifaa hicho kiwe cha infraredi, kinachopima kwa mwanga usioonekana bila kuhitaji oksijeni. Cha shanga kitadanganya vilevile.

Umeme nao ulituumbua. Valvu hufunga umeme ukikatika, sawa, lakini uliporudi ilijifungua yenyewe. Fikiria jiko lililoachwa wazi bila moto. Tumeongeza relei inayojishikilia: umeme ukikata, inaachia, na valvu haifunguki mpaka mtu abonyeze. 

Majaribio ya programu yalifanywa kwa potenshiometa (rizista ya kuzungusha) badala ya sensa. Kisha gesi ya kupimia, methani asilimia 2.5 hewani, nusu lita kwa dakika: kioo kilitakiwa kusoma 50, kikasoma 46, kikarekebishwa. Usijaribu kwa kiberiti cha gesi, kinaharibu shanga. Silikoni ya kuzibia madirisha nayo huitia sumu: kioo kinasoma sifuri vizuri, lakini gesi ikija haionekani.

King'ora kikilia kweli, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Zima moto, funga valvu ya mkono kama iko njiani, fungua madirisha unapopita, toka, piga 114 ukiwa nje. Povu la sabuni kwenye maungio ni la baadaye, chumba kikishapimwa. Uvujaji ukishazibwa ndipo bluu, kisha valvu, na jiko mwisho.

Bado: kubadilisha terminali mbili za honi. Zimeanza kuota kijani.