Siku moja na joto la kiwanda cha maziwa, Tanga

Saa 11 alfajiri. Natoka Ngamiani kwa baiskeli, mvua ya masika imenyesha usiku kucha. Mimi ni injinia wa mitambo kwenye kiwanda cha maziwa, na mwezi huu nina kazi moja: kupanga upya vibadilisha joto vyetu, yaani vyombo vinavyohamisha joto kutoka kitu kimoja kwenda kingine bila kuvichanganya.

Saa 12. Napitia kwa mzee wa boila. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Jana maji ya tangi yalifika 70, presha ya kompresa ikapanda tena."

Saa 2. Maziwa yanaanza kupita kwenye pleti, kibadilisha joto cha mabamba membamba. Hapa sina la kurekebisha: yanaingia na nyuzi 4, yanapashwa na yale yanayotoka na nyuzi 72, hadi yanafika 65 kabla ya kuhitaji mvuke wa kuyafikisha 72. Kwa lita 5,000 kwa saa, boila inadaiwa kilowati 40 hivi badala ya 380. Kila nikiipiga hesabu hii nafurahi upya.

Saa 4 hadi saa 7, kompyuta. Tatizo liko kwenye amonia, gesi ya mtambo wetu wa kupozea maziwa. Gesi ikitoka kwenye kompresa huwa ya moto sana, nasi huitumia kupasha maji ya tangi, ya kuoshea mabomba. Joto hilo hufuata maziwa: masika majani tele, maziwa yanamiminika, kompresa haipumziki. Lakini maji ya kuoshea hayafuati maziwa. Bomba ni lile lile, liwe limepitisha lita 1,000 au 10,000. Basi kiangazi joto linapungua na boila inafidia. Masika linazidi, maji ya tangi yanakuwa moto mno kuipoza gesi, na kondensa, inayoigeuza gesi kuwa kimiminika, inaelemewa. Aliyebuni mfumo alichukua wastani wa mwaka, na siku ya wastani haipo.

Mwaka 1985 wahandisi wa kemia Ross Swaney na Ignacio Grossmann walitoa kipimo cha unyumbufu: hali zinaweza kuyumba kiasi gani kutoka kawaida kabla mtambo haujashindwa. Ukipata 1, mfumo unahimili mabadiliko yote uliyoyatarajia. Wetu haufiki.

Saa 7. Wali wa nazi na samaki, haraka haraka.

Saa 8. Kikao. Meneja anataka kibadilisha joto kikubwa zaidi. Nampinga kwa heshima: kiangazi joto lenyewe ni haba, ukubwa wa chombo hautaliongeza, na masika tutazidi kuyachemsha maji ambayo hayana pa kwenda. Naomba pleti ndogo kati ya tangi na maji yanayoingia kwenye boila, pamoja na baipasi, njia ya pembeni, yenye valvu. Masika tunaifungulia pleti, kiangazi tunaifunga. Ananipa ruhusa ya kujaribu.

Saa 10. Stoo kuna pleti kuukuu. Tumeisafisha tangu jana. Tunaunga mipira, fundi anawasha pampu. Maji ya boila, yaliyokuwa yakiingia baridi, sasa yanaingia na nyuzi 52. Maji ya tangi yanarudi yamepoa. Mzee hayatazami hayo, amesimama mbele ya geji ya kompresa. Mshale unashuka polepole.

"Haya mwanangu," ananiambia, "iandike hiyo."