Mgeuzwe, Bila Pupa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumanne jioni binti yangu wa darasa la sita alinifuata jikoni na daftari la sayansi. "Mama, metamofosisi maana yake nini?" Nikamjibu vile tulivyokariri sisi: yai, lava, pupa, kipepeo. Akauliza neno lenyewe limetoka wapi. Nikakwama. Baada ya chakula nikalitafuta, nikalikuta nisipolitegemea: Warumi 12:2. Paulo anaposema "mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", Kiyunani chake ni neno hilo hilo. Morfe ni umbo, na meta hapo inaleta maana ya kubadilika. Agano Jipya lina kitenzi hicho mara nne tu. Mbili ni za Bwana kule mlimani, uso wake uking'aa kama jua. Mbili zilizobaki ni zetu sisi, hapo Warumi na 2 Wakorintho 3:18.

Nikaona aibu, maana Jumapili nilikuwa nimemsema mtoto wa kaka yangu mbele ya kundi letu la maombi. Aliokoka wakati wa Pasaka, na wiki iliyopita akaonekana kilabuni. Nikasema, "Yule hakuokoka, alitudanganya." Watu wakaguna kuafiki, nami nikajiona nina bidii ya nyumba ya Bwana!

Asubuhi mimi na binti tukaenda kwenye mndimu wetu. Viwavi wapo, ukimgusa mmoja anatoa vipembe viwili vya rangi ya chungwa, harufu yake kali. Na kwenye kijiti kuna pupa moja, kijani kama jani, imejishikiza kwa uzi mwembamba. Ungesema imekufa. Binti akaigusa kwa unyasi, ikatikisika. Humo ndani sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inayeyushwa, na mabawa yanajengwa kutokana na vijichembe alivyokuwa navyo tangu anatafuna majani. Ukiipasua siku za mwanzo hukuti kiwavi wala kipepeo, unakuta kama uji.

Mwanasayansi Linnaeus wa Uswidi, katika karne ya 18, ndiye aliyeiita hatua hiyo pupa, yaani mwanasesere kwa Kilatini. Kwetu pupa ni jambo jingine kabisa, na mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nilicheka peke yangu pale mndimuni, kicheko cha aliyekamatwa.

Wapendwa, niseme ukweli, tena naanza na mimi. Paulo hakusema "mjigeuze". Alisema mgeuzwe, yuko mwenye kugeuza, na kazi yake inaendelea. Sisi mtu akiokoka leo, kesho tunampa kipaza sauti ashuhudie, keshokutwa akiteleza tunampasua tuone ndani kuna nini. Tukikuta uji tunatangaza hakuna kitu. Nani kati yetu angekubali kupasuliwa wiki yake ile mbaya? Mpigieni simu yule aliyeacha kuja. Msimuulize kwa nini amerudi nyuma. Mwulizeni kama amekula.

Mimi nilimtumia ujumbe kijana wetu juzi. Nilimwomba radhi, nikamweleza na maneno niliyoyasema, maana kusamehewa jambo usilolitaja ni kujipunja. Akakaa kimya siku nzima. Jana usiku akajibu: "Shikamoo shangazi. Jumapili nitakuja, ila nitakaa nyuma."