Kitambulisho cha Baba

Mwaka 2001 mama alilazwa Tanga mjini, afanyiwe upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Daktari hakuzunguka: bila chupa mbili za damu, haingii chumba cha upasuaji. Baba alikuwa na presha, wakamkataa mlangoni hata kidole hawajamtoboa. Tukabaki mjomba na mimi, binti wa miaka 19 niliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia.

Mtu wa maabara alinitoboa, akadondosha damu yangu mara tatu kwenye kigae cheupe. Tone la kwanza akalitilia dawa ya buluu ya kutafuta A, la pili ya njano ya kutafuta B, la tatu dawa isiyo na rangi ya kutafuta kama ni chanya au hasi. Akawa anakiinamisha kigae huku na huku, polepole, kama anayetafuta mawe kwenye mchele. La buluu halikubadilika. La njano vilevile. Lile la tatu likakatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika jikoni.

"O chanya," akasema. "Mama yako ni B chanya. Utamfaa."

Nilitoka pale kichwa kimenivimba kwa sifa.

Jioni baba akanipa pochi yake nikanunue chai na maandazi. Humo ndani, nyuma ya noti, kulikuwa na kitambulisho chake cha kazi cha zamani, cha enzi za kuendesha lori la mkonge huko Korogwe. Picha ya ujana, namba, majina yake matatu, na chini kabisa: Kundi la damu AB.

Elimu ya kidato cha nne ni kitu cha hatari. Lile jedwali la urithi nilikuwa nimelikariri, maana lilikuwa na kawaida ya kutoka kwenye mtihani. Kila mtu ana nafasi mbili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama, na mtoto wake humpa mojawapo tu. A na B zikikutana zote hujionyesha. O ikikaa na mojawapo hujificha, hata usijue ipo. Kwa hiyo mtoto wa O lazima awe amepewa O na baba, na O nyingine na mama. Sasa mwenye AB ataitoa wapi? Nafasi zake zote mbili zimejaa.

Chai ilinipolea mkononi.

Na mtaani kwetu hakuna aliyemwita baba kwa yale majina matatu. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo dukani, msikitini, hata kwa waliomdai, aliitwa Baba, kisha jina langu. Mtu anabeba jina lako miaka kumi na tisa, halafu wewe unakaa naye benchi moja unamchunguza masikio.

Siku tatu nilikuwa hivyo. Mama alipasuliwa salama, chupa yangu ikamwingia, nami nikawa siwezi kumtazama usoni. Shangazi alinivuta pembeni akaniuliza kama nina mimba.

Siku ya nne nikarudi maabara. Nilijifanya naulizia habari ya rafiki yangu fulani: mama B, baba AB, mtoto O. Yule bwana hakuinua hata macho. "Hiyo haiendi," akasema, nami nikahisi sakafu inazama. Kisha akaongeza, "Huyo baba nani alimpima?"

"Imeandikwa kwenye kitambulisho."

"Mimi nimeuliza nani alimpima."

Nikamwendea baba nikamdanganya kwamba maabara wanamtaka, tahadhari tu. Akaja, akatoa kidole bila swali. Kigae kilekile, matone yaleyale. La buluu likakatika mara moja. Nikakodolea macho lile la njano hadi yakaniwasha. Halikukatika.

"A chanya," akasema yule bwana, kisha akakichukua kitambulisho na uso ukambadilika. "Mzee, hii ni sumu umebeba. Mtu akikuamini kwa karatasi hii akakutundikia damu ya B, mwili wako wenyewe unaivunjavunja. Ndiyo maana sisi tunapima kila mara."

Baba akacheka. Kumbe karani alipita kwenye foleni ya wafanyakazi akiuliza kila mtu kundi lake. Baba akamjibu hajui. Karani akamwandikia la mwenzake aliyesimama mbele, kazi ikaisha.

Baadaye nilisoma kwamba Karl Landsteiner alianza kuyatenga makundi haya huko Vienna, mwaka 1901, lakini namna yanavyorithiwa ikaja kueleweka vizuri mwaka 1924, na aliyeifumbua hakuwa daktari bali mwanahisabati, Felix Bernstein. Nami nilikuwa nimepiga hesabu sawasawa. Nilianza tu na namba mbovu.

Baba alikuwa bado anabana pamba kidoleni. "Mimi A, mama yako B," akasema. "Hiyo O yako umeitoa wapi?"

Nikamweleza: yeye ana A na O iliyojificha, mama ana B na O iliyojificha. Kila mimba yao ingeweza kutoa A, B, AB au O, kila kundi nafasi moja kati ya nne. Alisikiliza mpaka mwisho. Kama alijua kwa nini nilimleta pale, hakusema, si siku ile wala baadaye. Aliazima kalamu akajaribu kuifuta ile B, lakini kadi ilikuwa imefunikwa plastiki, wino ukaishia kwenye kidole gumba chake.

Tukaenda wodini. Mama alikuwa ameketi kwa mara ya kwanza, anakunywa uji.

"Mama watoto," baba akamwambia, "mtoto kagundua wewe na mimi tulikuwa tunafichana kitu."

Mama akaweka kikombe chini, akanitazama mimi, akamtazama baba. Nikaeleza upya, jedwali zima, nikichora kwa kidole kwenye shuka. Akaanza kucheka kabla sijamaliza, mkono mmoja kaukandamiza tumboni.

"Tokeni hapa," akasema, "mtanikatia nyuzi."